Mistari Ishirini na Sita na Bismillahi

Kompyuta ya Nadra ililazwa ndani ya ndoo ya mchele tangu Jumatatu asubuhi, na kufikia adhuhuri nusu ya Siyu ilikuwa imeshapita kuizuru kama mgonjwa. Waliingia kwa salamu, wakachungulia ndoo, wakatikisa vichwa, wakatoka. Bakr, kaka yake Nadra, mwendesha pikipiki ya abiria ambaye hajawahi kuona msiba asiutanie, alikaa mlangoni kama mfiwa anayepokea mikono.

"Alikuwa mtu mwema," aliwaambia wageni. "Hakuwa na makelele. Ila chaji ikipungua tu."

"Bakr, nyamaza."

"Ninyamaze vipi, na mchele wetu wa wiki nzima umegeuka hospitali?"

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Boti ya kutoka Lamu ilifika mkondo wa Siyu maji yametoka, ikakwama kwenye tope, na abiria wakateremka kuvuka kwa miguu baina ya mikoko kama wafanyavyo siku zote. Nahodha alitaka kumvushia Nadra mkoba wake. Nadra akakataa, kazi ya watu mia tatu na kumi na mbili haipewi mtu kubeba. Hatua ya nne, tope likambeba yeye. Mkoba ulizama na vyote vilivyokuwamo: kompyuta, pamoja na flashi yenye nakala ya mambo ya kwenye kompyuta. Nakala na asili katika mkoba mmoja! Kosa hilo angemcheka nalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sasa alikuwa nalo mwenyewe, linachuruzika maji.

Maafisa wa kupima mashamba walikuwa wanafika Alhamisi, kwa siku mbili tu, na walitaka orodha: nani analima wapi, mpaka wake upi, shahidi wake nani. Asiyekuwamo angengoja mwito mwingine, na wa kwanza huu ulikuwa umengojwa tangu enzi za mababu. Miaka miwili nyuma orodha kama hiyo iliandikwa kwenye daftari, na kabla daftari halijafika lilikokuwa likienda, madalali walikuwa wameshalisoma hadi jalada la nyuma na kuanza kuwagongea wajane milango.

Ndipo Nadra, aliyesomea Mombasa kutengeneza tovuti na kurudi nyumbani bila kazi, alipojitengenezea kazi. Kwenye tovuti yake mtu alijaza fomu kwa simu. Akibonyeza pa kutuma, maneno yake yalifumbwa papo hapo, mle mle ndani ya simu, kwa ufunguo uliokuwa wazi kwa kila mtu. Ufunguo huo ulijua kufunga tu. Kufungua kulikuwa na ufunguo mwingine, wa siri, na huo ulikuwa mmoja duniani. "Hata wenye seva hawasomi," aliwaapia watu kibaraza kwa kibaraza. "Hata mimi, bila ufunguo wangu, sisomi."

Hilo la mwisho sasa lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia.

Fomu zote zilikuwa salama kwenye seva, zimefumbwa vizuri, na hapakuwa na wa kuzifumbua. Kuziandika upya? Nusu ya wenyewe walikuwa baharini au Mombasa. Na mmoja, mzee Bwanamkuu, alifariki mwezi wa Ramadhani. Alikuwa shahidi wa mipaka ya mashamba kumi na moja. Alikaa na Nadra siku mbili akitaja kila mnazi na kila jiwe, na maneno yake hayakuwa mahali pengine popote isipokuwa mle.

Ilibaki karatasi. Siku alipotengeneza ufunguo, Nadra aliuchapisha Lamu mjini: mistari ishirini na sita ya herufi na tarakimu zisizotamkika. Juu yake aliandika Bismillahi kwa kalamu, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuo cha Kurani aandike juu ya kila karatasi. Kisha alimpa nyanya yake, Bi Mwanatumu, aiweke sandukuni.

Alifungua sanduku. Kulikuwa na marashi, kanga mpya mbili, cheti cha ndoa cha marehemu babu. Karatasi hakuna. Na Bi Mwanatumu, mkunga wa kisiwa kizima, alikuwa Faza tangu Jumamosi kwa mwanamke aliyekaribia kujifungua. Simu yake aliiacha nyumbani juu ya kabati, kama kawaida, isije ikaibiwa.

*

Jumanne kamati ilikutana kwenye ukumbi wa shule. Mwenyekiti, Bwana Jamaludin, alimpa Nadra nafasi aeleze, naye akaeleza bila kujipaka mafuta: ufunguo umezama, nakala anaitafuta.

Aliyesimama kujibu hakuwa wa Siyu. Alikuwa Bwana Shuaib wa Kizingitini, mnunuzi wa siku nyingi wa kamba wa baharini, ambaye miaka ya karibuni alianza kununua na mashamba, hasa ya watu wasiojua wanauza nini.

"Mimi simcheki binti yetu," alisema, na tayari watu walikuwa wakicheka. "Amejenga mlango mzuri. Ameufunga. Halafu ameumeza ufunguo. Sasa sote tungoje tumbo lake liamue?"

Kicheko kilizunguka ukumbi na kurudi tena. Nadra alitazama vidole vyake. Tope la jana lilikuwa bado chini ya kucha.

"Lakini nimekuja kusaidia," Shuaib aliendelea. "Nina kijana wangu hapa, Phineas, kutoka Nairobi. Huyu hufungua chochote. Mpeni hizo fomu."

Phineas alikuja na kompyuta mbili na dharau moja. Bwana Jamaludin alimgeukia Nadra. "Mwanangu, wasemaje? Ukikataa, nitafahamu."

Kila mmoja alijua Shuaib angefanya nini na fomu zile zikifunguka mikononi mwake. Nadra aliwaza mistari ya programu aliyoiandika kwa mkono wake, usiku na mchana miezi minne, na akajiuliza kama aliiamini au alikuwa akiisifu tu.

"Mpeni," alisema.

Phineas alianza na tabasamu. Baada ya saa moja tabasamu lilikwenda zake. Baada ya saa mbili alivua kofia, akakuna kichwa, akasema, "Manze, hii imefungwa."

"Kwa lugha yetu," alisema Bwana Jamaludin.

"Mzee, haifunguki. Nipe mashine mia, nipe miaka mia. Bila ufunguo hii ni mchanga tu." Akamgeukia Nadra, na sauti ikashuka. "Ulisomea wapi, dada?"

Bi Kulthum, mjane aliyegongewa mlango mara tatu na madalali wa daftari lile, aliinuka nyuma ya ukumbi. "Kumbe msichana hakutudanganya!" alisema. "Si mwaona? Mtu na kompyuta zake mbili ameshindwa kusoma shamba langu!"

Palikuwa na vigelegele viwili vitatu. Nadra aliona fahari ikimpanda kifuani, halafu akakumbuka ni Jumanne. Kufuli lilikuwa zuri sana. Lingewafungia nje wenyewe pia, Alhamisi ikifika.

*

Bi Mwanatumu alirudi alasiri hiyo, amebeba sufuria ya wali wa nazi aliyopewa na wenye mtoto. Alipoona ndoo alisimama.

"Ni nani aliyetia mashini kwenye mtele?"

"Bibi," Nadra alisema, "ile karatasi niliyokupa uniwekee iko wapi?"

"Ipi? Ile azima?"

"Azima gani?"

"Ile yenye Bismillahi yuu, na tini yake yale mambo ya kutisha."

Bakr aliweka kikombe chini polepole.

"Bibi, ile si azima, si hirizi."

"Si azima vipi? Nalikuuliza, hii ni kitu gani? Ukanambia, 'Bibi, hii ya kulinda watu.' Nikakuuliza, yawalinda na nini? Ukanambia, 'na macho ya wabaya.' Haya, nambia wewe msomi: kitu chenye Bismillahi, hakisomeki, chalinda watu na mato mabaya, huitwaye?"

Bakr alitoka nje. Walimsikia akicheka nyuma ya ukuta hadi akakohoa.

"Na kitu cha kulinda watu," Bi Mwanatumu aliendelea, "hakilali sandukuni na kanga. Nalimpelekea fundi wa ngozi hapo nyuma ya msikiti, akaishona vizuri."

"Iko wapi sasa?"

"Shingoni mwa mtoto niliyempokea mwezi uliopita Kizingitini. Mwana wa Raihana."

Nadra aliketi juu ya kitanda cha kamba. Raihana alikuwa mkaza mwana wa Bwana Shuaib. Ufunguo ambao Shuaib alimtoa mtu Nairobi kuja kuutafuta ulikuwa nyumbani mwake, umening'inia kwa mjukuu wake, na kwa jinsi mababu walivyo, huenda alikuwa akiubusu kila asubuhi.

"Bibi, umeniua."

"Mimi?" Bi Mwanatumu alitua sufuria. "Hao watu mia tatu uliwaeleza, kibaraza kwa kibaraza, hata sauti ikakukauka. Mimi ukanipa maneno matano, kama mtoto anayepokonywa kisu. Mui hunu, Siyu nzima, nimepokea wana wake, na mama zao. Yale wanayoyasema wanawake wakiwa na utungu, niliwahi kuyatoa nje hata siku moya? Nieleze sasa."

Nadra alivuta kigoda, akakaa karibu.

"Chukulia nimegawa makufuli, Bibi, yakiwa wazi, kila nyumba moja. Mtu anatia lake kwenye kijisanduku, anabana kufuli, ananiletea. Kubana hakutaki ufunguo. Hata yeye mwenyewe akishabana hawezi kulifungua tena. Makufuli yote hayo yanafunguka na ufunguo mmoja tu…"

"Na huo nimemvisha mjukuu wa Shuaib." Bi Mwanatumu alijipiga paja. "Sasa nimefahamu. Ungesema hivi tangu mwanzo, ningekushonea wewe ukauvaa." Akainuka, akachukua mkoba wake wa sindano. "Kesho ni siku ya kumkanda mtoto. Sikupanga uongo, ni zamu yake kweli. Bakr! Wacha kucheka, tia mafuta pikipiki."

*

Jumatano asubuhi walifika Kizingitini watatu juu ya pikipiki moja, Bi Mwanatumu katikati, wima kama yuko kwenye kiti cha enzi. Kabla ya kutoka alipita kwa mwalimu wa chuo, akaandikiwa Ayatul Kursiyu kwenye kikaratasi safi.

Bwana Shuaib alikuwa kibarazani akipima kamba na wavuvi. "Karibu, Bi Mwanatumu. Na mtaalamu wetu? Umeshafungua?"

"Bado," Nadra alisema.

"Basi ingia ukandwe na wewe. Labda utautapika."

Wavuvi wakacheka. Bi Mwanatumu hakupunguza hatua. "Wewe Shuaib nilikupokea ukiwa umetanguliza miguu," alisema akipita. "Tangu siku ile umekuwa mtu wa kuingia kila mahali kinyume." Wavuvi wakacheka zaidi, na safari hii hawakuwa wakimcheka Nadra.

Ndani, Raihana alimlaza mtoto juu ya mkeka. Hirizi ilikuwa pale, ya ngozi nyekundu, mraba, imeshonwa kwa uzi mnene. Nadra alikuwa ametunga njia tatu za kuiomba bila kusema ukweli. Alipomwona Raihana akimfungua mtoto nguo kwa vidole vya uangalifu, aliziacha zote tatu.

"Raihana, ndani ya hirizi hiyo hamna dua. Kuna ufunguo wa fomu za mashamba. Mwenye karatasi hiyo anaweza kusoma kila kitu kilichoandikwa na kila mtu."

Raihana alitazama mlango, halafu hirizi. "Na yangu?"

"Na yako, kama ulijaza." Nadra hakujua kama Raihana alikuwa na fomu, hivyo ndivyo alivyokuwa ameijenga kazi yake.

"Nilijaza nikiwa jikoni," Raihana alisema kwa sauti ndogo. "Shamba la baba. Baba mkwe anasema nimwachie yeye, mimi nina mume, nataka shamba la nini. Nikasema sawa. Halafu nikajaza." Akamgeuza mtoto ubavu. "Na baba mwenyewe alikwambia mpaka wake kabla hajafa. Si kweli? Aliniambia, 'Nimemwambia yule msichana kila kitu.'"

Raihana alikuwa binti wa Bwanamkuu.

"Ni kweli. Yamo humo."

Sauti ya Shuaib ilisikika kibarazani ikibishana juu ya uzito. Angeita tu, Raihana akaitika na kusema neno moja, kila kitu kingekuwa chake. Raihana alimvua mtoto hirizi na kumpa Bi Mwanatumu.

"Haraka, Bibi."

Bi Mwanatumu hakufanya haraka wala hakukawia. Alifumua upande mmoja kwa ncha ya sindano, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akatia ile ya mwalimu, akarudisha uzi katika matundu yale yale. Alipomaliza, ngozi ilikuwa kama haijaguswa. Kisha alimkanda mtoto, mikono na miguu na mgongo, kama alivyosema, kwa sababu ilikuwa zamu yake kweli.

Wakitoka, Shuaib aliinuka kumpokea mjukuu. Akabusu hirizi. "Mashallah," alisema. "Hii ndiyo inayotulinda."

"Wallahi," alijibu Bi Mwanatumu, "hujui ni kiasi gani."

*

Kompyuta waliazimwa njiani, Faza, na mwalimu wa shule, Wamuyu, aliyewafungulia chumba, akafungua dirisha, na kuondoka bila kuuliza. Alikuwa mtu wa bara mwenye adabu za visiwani. Nadra alikaa kwenye kiti. Bi Mwanatumu akatandaza karatasi juu ya meza, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, na kila mstari ulipokwisha akakishusha, kama mwalimu anayemsomesha mtoto juzuu.

Ilikuwa herufi elfu moja na mia sita na kitu, kubwa tofauti na ndogo, tarakimu katikati. Sindano ya fundi ilikuwa imepita mahali pawili na kula herufi mbili nzima. Nadra hakutishika, kila tundu lingeweza kuwa alama moja katika sitini na nne, na hayo ni majaribio elfu nne na tisini na sita, kazi ya mashine kabla maji hayajachemka. Aliandika kijiprogramu, akakiachia. Tarakimu zilikimbia kwenye kioo. Zikasimama.

Hakuna ufunguo uliofungua.

Akarudia. Hakuna.

Bakr, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, aliacha utani akaja kutazama kioo.

"Nimekosea mahali," Nadra alisema. "Nimekosea mahali na sipaoni. Nimesoma mara tatu." Machozi yalikuwa karibu, na aliyachukia.

"Wewe wasoma," Bi Mwanatumu alisema. "Ndiyo maana. Nionyeshe hapo ulipoandika, niangalie na hapa."

"Bibi, hujui herufi hizi."

"Sizijui. Naziangalia. Sikusoma nguo ya mtu hata siku moya, na mshono uliopinda nauona kutoka mlangoni."

Nadra alikuza herufi kwenye kioo. Bi Mwanatumu alisogeza kidole cha kulia juu ya karatasi na cha kushoto juu ya kioo, polepole, mstari baada ya mstari, midomo ikitembea bila sauti. Mstari wa kumi na tisa akasimama.

"Hiki hapa kwenye karatasi kimevaa kofia upande mmoya. Wewe wako umemvisha kofia pande mbili."

Nadra aliinama. Ilikuwa L ndogo. Yeye alikuwa ameandika I kubwa.

Aliibadilisha. Akakiachia kijiprogramu. Tarakimu zilikimbia: elfu moja, elfu mbili, elfu mbili mia nane. Zikasimama, na chini yake kioo kikajaa maneno ya watu.

Mia tatu na kumi na mbili. Nadra hakuyasoma, alifungua fomu moja tu, kuhakikisha. *Mimi Bwanamkuu, ni hai na akili zangu ni timamu, nashuhudia kwamba mpaka wa shamba la marehemu kaka yangu waanzia kwenye mnazi uliopigwa na radi…* Akaifunga.

Bakr alipiga ukelele uliomrudisha mwalimu Wamuyu mbio. "Amefufuka!" alisema. "Kazikwa kwenye mchele, kafufuka Faza!"

Bi Mwanatumu alikuwa akiikunja karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ya zamani. "Hii sasa yarudi wapi?"

"Kwako," Nadra alisema. "Hakuna mahali pengine ninapopaamini."

*

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Maafisa walikuwa na orodha mbele yao, na Bwana Jamaludin aliomba iwe hivi: kila jina liitwe, mwenyewe asimame, asikie maneno yake, aseme ndiyo au siyo. Bi Kulthum alisema ndiyo mara tatu, wasije wakamsikia vibaya. Watu walisikia mipaka waliyoinong'ona jikoni na kwenye mashua ikisomwa kwa sauti kubwa, na hapakuwa na hata neno moja lililowahi kupita mkono mwingine.

Bwana Shuaib alikaa mbele na Phineas pembeni yake. Phineas alipoona orodha aliinua kichwa kumtafuta Nadra, akampigia saluti ya vidole viwili.

"Raihana binti Bwanamkuu," afisa aliita.

Shuaib aligeuka. Raihana alisimama upande wa wanawake, mtoto begani.

"Shamba la marehemu baba yake. Shahidi ni baba mwenyewe." Afisa alisoma maneno ya Bwanamkuu yote, mnazi kwa mnazi, jiwe kwa jiwe. Waliomjua marehemu walifumba macho, kwa sababu alikuwa yeye, na kukohoa kwake tu ndiko kulikokosekana. Maneno yalipoisha afisa aliuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli," Raihana alisema. Hakumtazama baba mkwe wake. Hakuinamisha kichwa pia.

Watu walipotoka kwenda kuswali, Shuaib alimzuia Nadra mlangoni. Hakuwa akicheka. "Phineas amenambia haiwezekani. Miaka mia, alisema. Umefungua na nini?"

Nadra alifungua mdomo, lakini Bi Mwanatumu alikuwa ameshafika katikati yao, na Raihana nyuma yake. Bi Mwanatumu alinyoosha mkono, akaiweka sawa hirizi kifuani mwa mtoto, akaipigapiga mara mbili.

"Kwa baraka za mjukuu wako, Bwana," alisema, akamshika Nadra mkono, wakapita.